Masikio Yasiyopimwa: Stadi za Kusikiliza na Kusoma katika Masomo ya Lugha Vyuoni Nakuru

Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea lugha katika chuo kikuu nchini Kenya hufanya mitihani mingi kabla ya kuvaa joho. Huandika majaribio ya darasani, huandika insha za kozi, huandika mitihani ya mwisho wa muhula na pengine huandika tasnifu fupi. Kitenzi kinachojirudia hapa ni kimoja tu: kuandika. Awe anasomea Kiingereza au Kiswahili, mwanafunzi huyo huhitimu akiwa amethibitishwa kuwa mjuzi wa lugha, ilhali stadi mbili kati ya nne za lugha hiyo, yaani kusikiliza na kusoma, kwa kawaida hazikupimwa zenyewe. Kilichopimwa ni kalamu yake. Masikio na macho yake yamechukuliwa kuwa mazima kwa kuwa kalamu imeandika.

Makala haya yanalijadili suala hilo kwa kuangazia Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa, mahali ambapo walimu wengi wa lugha huandaliwa. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, kikawa chuo cha kilimo mwaka 1950, kisha chuo kikuu kamili mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Laikipia karibu na Nyahururu, ambacho awali kilikuwa bewa la Egerton, kilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Kabarak kilipewa hati yake mwaka 2008. Wahitimu wa vyuo vya aina hii hutawanyika katika shule za Molo, Rongai, Subukia, Gilgil, Kuresoi na kwingineko. Lugha wanayoondoka nayo chuoni ndiyo wanayoipeleka darasani.

Dai la makala haya ni kwamba kutopima kusikiliza na kusoma si upungufu mdogo wa utaratibu. Ni jambo linaloamua kile ambacho mwanafunzi atakithamini, kile ambacho mhadhiri atakifundisha, na kile ambacho mtoto wa shule atakikosa. Linalozungumziwa ni mazoea ya jumla ya elimu ya lugha nchini, wala si dosari ya chuo fulani. Aidha, inadaiwa kwamba idara za Kiswahili zinaweza kuanza kuyarekebisha mazoea hayo kwa vifaa vilivyopo sasa.

Kusikia si Kusikiliza

Kiswahili chenyewe kimeshatoa funzo la kwanza. Kusikia ni tendo la sikio. Kusikiliza ni tendo la akili inayolitumia sikio kwa kusudi. Kitenzi hicho kikinyambuliwa zaidi kinakuwa kusikilizana, neno ambalo maana yake si kupokea sauti tu bali kuelewana na kupatana. Katika hatua hizi tatu mna nadharia nzima ya mawasiliano.

Hata hivyo, maisha ya darasani yameipunguza maana hiyo. Mwalimu anapoamuru, "Sikilizeni!", wanafunzi wanafahamu kwamba wameambiwa wanyamaze. Ukimya ukipatikana, mwalimu huridhika. Haombi ushahidi kwamba maana imefika. Methali inayotajwa mno katika jambo hili, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nayo inaufasiri usikivu kuwa utiifu. Basi msikilizaji amezoeleka kuwa mtu mtulivu asiyefanya lolote, na asiyefanya lolote hana cha kupimiwa.

Wataalamu wa upimaji wa lugha wameupinga mtazamo huo kwa muda mrefu. Robert Lado (1961) alisisitiza kwamba sauti, shadda na kiimbo ni mambo yanayohitaji kupimwa waziwazi kwa mwanafunzi wa lugha. Gary Buck (2001) alikwenda mbele zaidi na kueleza kwamba kusikiliza ni kujenga maana papo kwa papo, kwa kuunganisha sauti inayopita na maarifa aliyonayo msikilizaji. Msomaji anaweza kurudi juu ya ukurasa. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia.

Mifano ya Kiswahili inalithibitisha jambo hili. Katika eneo la Nakuru wanakutana wasemaji wa Kigikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kijaluo, Kigusii, Kimaasai na lugha nyingine. Ni jambo la kawaida kwa baadhi yao kuchanganya /l/ na /r/, na kwa wengine kutotofautisha vyema /b/ na /p/ au /d/ na /t/. Hii si aibu. Ni athari ya lugha ya kwanza ambayo kila mwanadamu anayo. Sasa na tuchukue tungo mbili: "Anajivunia fahali wake" na "Anajivunia fahari yake." Msikilizaji ambaye sikio lake halitofautishi /l/ na /r/ bado anaweza kuipata maana akisikiliza upatanisho wa kisarufi: wake ni wa ngombe dume, yake ni ya sifa na utukufu. Vivyo hivyo "mahali pake" na "mahari yake." Sarufi ambayo mwanafunzi huiona kama orodha ya ngeli za kukariri, katika kusikiliza inageuka kuwa chombo cha kuokoa maana. Je, ni mwanafunzi yupi aliyewahi kupimwa kama anaweza kukitumia chombo hicho kwa kasi ya mazungumzo?

Zaidi ya hayo, kuna kiimbo. "Umekula" na "Umekula?" ni tungo zilizo na sauti zile zile kwa mpangilio ule ule. Katika karatasi, kiulizi humfanyia mwanafunzi kazi yote. Katika mazungumzo, hakuna kiulizi. Kuna kupanda na kushuka kwa sauti. Mtihani wa maandishi unaodai kupima kiimbo humuuliza mtahiniwa alieleze jambo ambalo hakutakiwa kulisikia.

Mazoea Yanayoletwa kutoka Sekondari

Mazoea ya chuoni yana chimbuko lake. Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, yaani KCSE, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4. Kiswahili kimekuwa na karatasi tatu: Insha yenye alama 40, Lugha yenye alama 80, ambazo zimegawika katika ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10, na Fasihi yenye alama 80. Kati ya alama hizo 200, ufahamu una 15 tu, sawa na asilimia 7.5. Kusikiliza hakuna hata alama moja.

Kiingereza kinaonekana kuwa na nafuu, kwani karatasi yake ya kwanza imetenga alama 30 kati ya 60 kwa stadi za mazungumzo. Lakini alama hizo hutafutwa kwa maandishi. Mtahiniwa huulizwa neno lipi linatamkwa tofauti na mengine, au mkazo uwekwe wapi, au ajaze mazungumzo ya simu yaliyoachwa mapengo. Chumba kizima cha mtihani wa "mazungumzo" huwa kimya kama maktaba. Mwanafunzi anaweza kukariri majibu ya maswali hayo pasipo kuyasikia maneno yenyewe yakitamkwa na mtu yeyote.

La kustaajabisha ni kwamba baraza lile lile la mitihani limekuwa likipima kusikiliza katika Kifaransa na Kijerumani. Watahiniwa wa masomo hayo husikiliza matini kisha hujibu maswali, na mbali na hilo hukutana na mtahini ana kwa ana katika mtihani wa kuzungumza. Kwa hiyo Kenya haijakosa ujuzi wa kupima masikio. Ujuzi huo umetumiwa kwa lugha za wageni, huku lugha ya taifa na rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 ikiachwa nje. Ni kweli kwamba watahiniwa wa Kifaransa ni wachache kuliko wa Kiswahili, ambacho kilifanywa somo la lazima chini ya 8-4-4. Wingi huo unaeleza ugumu, lakini hauhalalishi kimya cha zaidi ya miongo mitatu.

Nyuma ya kimya hicho mna dhana kwamba Kiswahili na Kiingereza tayari vinajulikana. Mfaransa husikilizwa kwa sababu ni mgeni. Mswahili hasikilizwi kwa sababu eti kila mtu anamwelewa. Dhana hii ndiyo inayopandishwa hadi chuo kikuu.

Kalamu Inapobeba Kila Kitu

Chuoni, alama za kozi kwa kawaida hugawanywa kuwa 30 za kazi za muhula na 70 za mtihani wa mwisho. Maswali huanza kwa vitenzi vinavyofahamika: jadili, fafanua, tathmini, linganisha. Maswali haya yana thamani yake, na hakuna anayependekeza yafutwe. Tatizo ni kwamba yanapima kusoma kwa njia ya kuzunguka sana. Mwanafunzi anayeulizwa kuhusu usawiri wa wahusika katika riwaya fulani anaweza kujibu vizuri bila kuifungua riwaya yenyewe. Kuna miongozo. Kuna noti zinazorithiwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi jingine. Kuna mihadhara ambayo mhadhiri ameshaisoma riwaya kwa niaba ya darasa. Mtahini anayesahihisha jibu hilo hawezi kujua iwapo amekutana na msomaji au na mnakili wa msomaji mwingine.

J. Charles Alderson (2000) alionya kwamba kipimo cha kusoma kinaweza kwa urahisi kuwa kipimo cha kitu kingine: maarifa ya awali, kumbukumbu au uwezo wa kuandika. Onyo hilo linahusu mitihani ya fasihi moja kwa moja. Anayesoma vizuri lakini anaandika kwa shida huonekana hakusoma. Anayeandika kwa mbwembwe lakini hakusoma huonekana mchambuzi. Kipimo halali ni kile kinachopima kinachodaiwa kupimwa, na kwa kigezo hicho mitihani mingi ya kusoma si halali.

Upande wa kusikiliza hali ni nzito zaidi, hasa katika masomo mawili ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huyapitia. La kwanza ni fasihi simulizi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba utanzu huu huishi katika sauti, kwamba fanani hubadilisha toni, hukokoteza maneno, hunyamaza makusudi na kuishirikisha hadhira. Hufundishwa kwamba ngano iliyoandikwa ni kama samaki aliyetolewa majini. Kisha siku ya mtihani huulizwa aandike sifa tano za fanani bora. Hapigiwi ngano hata moja aisikilize. Hatakiwi kueleza ni wapi msimulizi alibadilisha sauti na kwa nini. Somo la sikio limetahiniwa kwa jicho na mkono, na hakuna anayeshtuka.

La pili ni lahaja. Wanafunzi wa Nakuru huweza kutaja Kimvita, Kiamu, Kiunguja, Kipemba, Kimtang'ata na Kingwana cha Kongo. Huweza kuandika tofauti za kifonolojia na kimsamiati kama zilivyo vitabuni. Lakini Kiswahili wanachokisikia kila siku ni kile cha kituo cha matatu, cha soko la Wakulima, cha mitaa ya Bondeni na Kaptembwa, pamoja na Sheng ya mabweni. Mzee wa Lamu akizungumza kwa dakika tatu, wangapi wataweza kueleza alichosema? Jibu halijulikani, kwa sababu swali halijawahi kuulizwa katika mtihani. Shahada inadai kwamba mwenye nayo anakijua Kiswahili. Haisemi ni Kiswahili cha wasemaji wepi atakachokielewa akikisikia.

Gharama ya Kutopima

Huenda ikaulizwa hasara iko wapi iwapo wahitimu wanapata kazi na kufundisha. Hasara ziko tatu.

Kwanza, mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka 2019 na kufikia Gredi ya 7 mwaka 2023, umeiweka mada ya kusikiliza na kuzungumza mbele ya kusoma, kuandika na sarufi. Mwalimu anatakiwa aifundishe na aitathmini. Lakini mwalimu huyo alipita shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu bila kuona kipimo cha kusikiliza Kiswahili kikitungwa wala kusahihishwa. Mtu hawezi kutoa asichonacho. Akifika darasani Kuresoi atafanya lile alilofanyiwa: atasoma kifungu kwa sauti, ataamuru "Sikilizeni," kisha atauliza, "Mmeelewa?" Watoto watajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu," na tathmini itakuwa imekamilika.

Inafaa kukumbuka kwamba watoto wametangulia katika jambo hili. Tangu mwaka 2009, tathmini ya Uwezo imekuwa ikifika nyumbani kwa familia, ikimkalisha mtoto mmoja mmoja na kumpa herufi, maneno, aya na hadithi asome kwa Kiingereza na Kiswahili, kisha ajibu maswali. Mtoto wa Rongai huenda alikwisha kupimwa usomaji wake ana kwa ana. Dada yake aliye chuo kikuu, anayejiandaa kuwa mwalimu wa mtoto huyo, hakupimwa.

Pili, kuna wahitimu wanaotaka kwenda kusoma au kufanya kazi Uingereza, Australia au Kanada. Wengi wao hukutana na IELTS, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 1989. Hapo husikiliza rekodi mara moja tu kwa muda wa takriban nusu saa na kujibu maswali 40. Kisha husoma matini ndefu na kujibu maswali mengine 40 kwa dakika 60. Kwa wengi hii ndiyo mara ya kwanza masikio yao ya Kiingereza kupimwa rasmi, nao wameulipia mtihani huo kwa pesa za kigeni. Chuo kilichowapa shahada hakikuwaambia kama wanaweza kusikiliza. Wanaambiwa mlangoni pa kutokea nchini. Mwanafunzi wa Kiswahili hana hata mlango huo. Tena yuko katika hali ya ajabu zaidi: Mmarekani anayejifunza Kiswahili ng'ambo anaweza kupimwa kwa mahojiano ya mdomo yenye viwango vinavyotambulika, huku Mkenya anayekisomea Kiswahili Njoro akithibitishwa kwa karatasi pekee.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, Bonde la Ufa lina kumbukumbu ya kile ambacho maneno yanaweza kufanya. Molo, Njoro, Kuresoi, Naivasha na Nakuru yenyewe zilishuhudia umwagikaji wa damu na watu kuhamishwa makwao, hasa mwaka 1992 na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Miongoni mwa yaliyotangulia maafa hayo ni maneno yaliyosemwa mikutanoni na kupita midomoni, mengi yakiwa ya mafumbo. Neno madoadoa ni la Kiswahili sanifu, nalo kamusini halina kosa lolote. Jukwaani limewahi kumaanisha watu wanaopaswa kuondolewa. Ndiyo maana Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ililiweka katika orodha yake ya lugha ya chuki mwaka 2022. Msikilizaji wa maana ya juu husikia doa. Msikilizaji makini husikia jirani yake akitajwa. Uwezo wa kusikiliza maana iliyofichwa, wa kutambua anayelengwa na asiyetajwa, si pambo la kitaaluma katika eneo hili. Idara ya lugha ikishindwa kuufundisha na kuupima, ni idara ipi nyingine itakayoubeba?

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni wingi wa wanafunzi. Kozi moja ya ualimu inaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mhadhiri ni mmoja. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaelemea zaidi insha kuliko kusikiliza. Maswali ya kusikiliza huweza kuwa ya majibu mafupi, na karatasi mia tatu za majibu mafupi husahihishwa kwa muda mchache kuliko insha mia tatu za kurasa nne.

Pingamizi la pili ni ukosefu wa maabara za lugha. Maabara ni kitu kizuri, lakini si sharti. Mtihani wa umilisi wa Kiingereza wa Cambridge ulioanza mwaka 1913 ulikuwa na imla na mazungumzo, wakati ambapo hapakuwa na kinasa sauti cha darasani wala kompyuta. Leo mhadhiri ana simu inayorekodi, na spika moja inatosha kwa chumba cha watu hamsini. Ikibidi, msomaji mwenye sauti bayana anaweza kuisoma matini mbele ya darasa.

Pingamizi la tatu linahusu haki. Je, rekodi ya msemaji wa Pemba haitamwonea mwanafunzi wa Mau Narok? Itamwonea iwapo itamshukia ghafla siku ya mtihani. Haitamwonea iwapo amesikilizishwa rekodi za aina hiyo muhula mzima. Aidha, ipo haja ya dhati ya kuwalinda wanafunzi wenye ulemavu wa kusikia au wa kuona. Hao wawekewe kazi mbadala yenye uzito ule ule, na utaratibu huo uandikwe mapema badala ya kusubiri hadi mwanafunzi alalamike.

Pingamizi la nne hutolewa kwa sauti ya chini: kwamba mwanafunzi aliyeketi katika mihadhara kwa miaka minne bila shaka amesikiliza. Hoja hii inachanganya kuwapo na kusikiliza. Mihadhara mingi husomwa polepole ili inakiliwe, na mwenye kunakili neno kwa neno hafanyi kazi ya kusikiliza. Anafanya imla isiyosahihishwa.

Njia Inayowezekana

Mabadiliko yanaweza kuanza ndani ya alama 30 za kazi za muhula, bila kugusa uwiano wa 30 na 70. Katika angalau kozi moja ya kila mwaka wa masomo, alama 10 zitengewe kusikiliza, 10 kusoma, na 10 zibakie kwa insha ya kawaida.

Jaribio la kusikiliza lichukue dakika arubaini. Liwe na rekodi mbili zisizozidi dakika nne kila moja: moja isikilizwe mara mbili na nyingine mara moja. Rekodi zitoke katika maisha: taarifa ya habari, mahojiano na mkulima, ngano, hotuba ya mkutano, mazungumzo ya sokoni. Maswali yapande ngazi tatu: kilichosemwa, kilichomaanishwa, na kusudi la msemaji. Tuseme mchuuzi wa Wakulima anarekodiwa akimwambia mteja: "Viazi vya Molo vimeadimika wiki hii, lakini wewe si wa kuondoka na kikapu kitupu." Swali la ngazi ya kwanza ni bidhaa gani imeadimika. La pili ni iwapo mchuuzi anavyo viazi, na ni maneno gani yanayolidokeza jambo hilo. La tatu ni kwa nini ametaja uhaba kabla ya bei. Mwanafunzi anayelijibu swali hilo la tatu ameonyesha kwamba anasikiliza.

Jaribio la kusoma nalo litumie matini ambayo darasa halijawahi kuiona, ili miongozo isiwe na la kusema. Wakati mmoja iwe makala ya gazeti. Wakati mwingine iwe shairi lenye msamiati wa Kiamu pamoja na maelezo mafupi ya maneno magumu. Wakati mwingine ziwe taarifa mbili zinazopingana kuhusu tukio lile lile. Majibu yawe mafupi, na makosa ya tahajia yasikatiwe alama, kwa kuwa hapo hakipimwi kuandika. Muda uwe na mpaka, maana kasi ni sehemu ya usomaji wa mtu mzima.

Katika fasihi simulizi, swali moja litokane na utendaji uliorekodiwa. Wanafunzi wenyewe hutumwa nyanjani kukusanya ngano, nyimbo na vitendawili katika Bonde la Ufa. Rekodi hizo zisiishie kwenye ripoti zinazokusanya vumbi. Zikihifadhiwa vizuri, kwa idhini ya wasimulizi, zitakuwa hazina ya kufundishia na ya kupimia kwa miaka mingi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuianza kazi hii hata kabla ya idara kuafikiana, kwa kufanya mashindano ya kusikiliza katika makongamano yao kama yanavyofanywa yale ya ushairi na mijadala.

Hitimisho

Mtihani ni mwalimu wa pili. Kinachowekewa alama husomwa, na kisichowekewa alama huachwa, hata kikisifiwa vipi katika mihadhara. Kwa miongo mingi wanafunzi wa lugha wamefundishwa na mtihani huu wa pili kwamba lugha ni maandishi, na kwamba kusikiliza na kusoma ni mambo yanayojileta yenyewe. Wamelielewa funzo hilo barabara, nao wamelipeleka shuleni.

Wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi ambayo wenzao wa Kiingereza hawana. Kiingereza kina mitihani yake ya kimataifa iliyotungwa mbali, yenye rekodi za watu wa mbali. Kiswahili kina wasemaji wake hapa, katika kila soko na kila kituo cha matatu kati ya Naivasha na Mau Summit, na kwa hiyo kipimo chake kinaweza kutungwa hapa na watu wa hapa. Kinachosubiriwa ni idara moja kukubali kwamba, kabla ya kumtuma mhitimu akawafundishe watoto wa watu kusikiliza, inafaa kwanza ijue kama yeye mwenyewe anasikiliza. Siku ya jaribio la kwanza huenda alama zikawa za chini kuliko zilivyotarajiwa. Zitakuwa, angalau, za kweli.